Goma hadi Beni kupitia Uganda: watoto wapewe siku moja Mbarara

Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, safari ya kutoka mji huo kwenda Beni ao Butembo si ile ya zamani. Zamani mtu alipanda gari asubui, akapita Rutshuru, Rwindi, Kanyabayonga na Lubero. Barabara hiyo ya kitaifa nambari 2 ilikuwa na mashimo yake na bariera zake, lakini msafiri alibaki ndani ya inchi yake. Leo mstari wa vita unaikata kusini mwa Lubero. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Basi anayetaka kumfikia ndugu yake Beni anavuka mpaka Bunagana, anazunguka upande wote wa kusini-magaribi wa Uganda, kiisha anarudi Congo kwa mlango wa Kasindi. Mtu anatoka Kivu ya Kaskazini kwenda Kivu ya Kaskazini, na katikati anapigiwa muhuri wa inchi ingine.

Kwa mfanyabiashara mwenye mfuko mmoja, huo ni usumbufu tu. Kwa mama mwenye watoto wane, mmoja mgongoni, mmoja mkononi na wawili wanaobeba vyombo, ni jambo la kufikiriwa vizuri kabla ya kufunga mizigo. Na wengi hawalifikirii. Wanataka kumaliza safari yote kwa pumzi moja: kutoka Goma gizani, kupita Kisoro na Kabale, kubadilisha gari Mbarara usiku, kusinzia barabarani, kuamkia Mpondwe. “Tutapumzika tukifika,” ndiyo maneno yanayosikika kwenye kila kituo cha bisi.

Maneno hayo yanafaa kwa watu wazima. Watoto wanahitaji kusimama njiani, na mahali pa kusimama ni Mbarara: kufika mangaribi, kulala, kukaa mchana mzima, kulala tena, kuondoka asubui ya pili. Anayesema hiyo ni anasa, ahesabu kwanza njia yenyewe.

Kutoka Goma hadi Bunagana ni kama kilomita 100. Toka mpaka hadi Kisoro ni karibu. Lakini kutoka Kisoro hadi Kabale, kilomita zisizopita 80, gari linapanda milima ya Kanaba kwa kona zisizokwisha, linaingia kwenye mianzi ya msitu wa Echuya, linateremka, linapanda tena. Lami ni nzuri, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu shofere anakimbia. Mtoto aliyekunywa chai ya maziwa saa kumi na moja ya asubui anairudisha yote kabla ya kuona ziwa Bunyonyi. Kiisha Kabale, baridi, mtu anafungua mfuko kutafuta sweta ambayo imewekwa chini kabisa. Kutoka Kabale hadi Mbarara bado kuna kama kilomita 140. Halafu ukifika Mbarara hujamaliza: kuna Bushenyi, kuna mteremko wa kuingia hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna Katunguru, Kikorongo, Bwera, Mpondwe. Halafu mpaka. Halafu kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, njia ambayo hakuna mzazi anayependa kuwa ndani yake jua likizama. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 500, wakati njia ya moja kwa moja kati ya Goma na Beni ni kama 350.

Mbarara iko karibu katikati. Ni mji mkubwa, tangu 2020 una hadhi ya siti kwa sheria ya Uganda, una hospitali ya rufaa, chuo kikuu, masoko, na magari ya kwenda kila upande. Mji mwingine wa ukubwa huo haupatikani mbele hadi msafiri arudi Congo. Kabale ni ndogo na baridi yake si ya kuwalaza watoto wenye kikohozi. Kasese ni nzuri, lakini kwa anayekwenda Mpondwe iko pembeni: njia inagawanyika Kikorongo na Kasese inabaki mbele upande wa kulia.

Mama mmoja aliyepita njia hii na watoto watatu, mkubwa miaka minane na mdogo bado anayonya, alikataa kulala Mbarara. Alikuwa na dola chache, na aliogopa mji asioujua. Akapanda gari la usiku. Yule wa katikati, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameanza kutapika tangu Kanaba, na mama yake alikuwa amemnyima maji ili asitapike tena. Wazazi wengi wanafanya hivyo na ni hatari. Walipofika Mpondwe mpaka ulikuwa haujafunguliwa. Wakakaa chini juu ya mizigo, mtoto midomo imekauka, hakojoi, halii tena kwa machozi. Mama muuza chapati ndiye aliyeona kwamba mtoto yule hajalala usingizi wa kawaida. Walimpeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki. Alipona. Lakini siku mbili walizotumia Bwera, pamoja na dawa na chumba cha haraka kilichopatikana bila kupatana bei, zilikula pesa zaidi ya zile ambazo mama yule alitaka kuokoa Mbarara.

Hapa ni vizuri kusema wazi, kwa sababu kuna wanaosikiliza wakiwa tayari na mizigo mlangoni: mtoto anayetapika njiani apewe maji, kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Kama hakuna paketi ya unga wa maji kutoka kituo cha afya, litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vya kusawazishwa, si vya kulundika. Chupa hiyo itengenezwe Goma kabla ya kuondoka na imalizwe siku ile ile. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Juu ya ajansi za usafiri kuna neno la kusemwa, na haliwezi kuwa tamu. Zinauza tikiti ya mtu mzima na kumwambia mama kwamba watoto “watapakatwa”. Watoto wawili juu ya mapaja ya mtu mmoja kutoka mpaka hadi Mbarara si kupakatwa, ni mzigo. Yule wa juu anagonga kichwa kwenye chuma kila breki inapokamatwa, yule wa chini miguu inakufa ganzi. Na mama akisema alipe nusu bei kwa kiti kimoja cha watoto wawili, anaambiwa hakuna nusu, kuna kiti ao hakuna kiti. Ajansi ingepoteza nini? Watoto wawili wadogo wanaingia kwenye kiti kimoja bila shida, na familia nyingi zingelipa kwa furaha. Tena ajansi nyingi hazisemi ukweli kuhusu saa. Zinasema “jioni mko Beni”. Hakuna jioni hiyo. Mtu akiambiwa ukweli Goma, atapanga chumba na chakula. Akidanganywa, analala chini Mpondwe.

Sasa tuseme mama amekubali. Ameshuka Mbarara saa kumi na mbili ya jioni, watoto wamechoka, mji unapiga kelele. Afanye nini?

Kwanza saa. Uganda iko mbele ya Kivu kwa saa moja. Aliyetoka Goma na saa ya Goma anafikiri bado mapema, kumbe giza linakuja. Simu nyingine zinabadilisha zenyewe, nyingine hapana.

Pili barabara, na hili ni kubwa kuliko yote. Congo magari yanapita kulia. Uganda yanapita kushoto. Mtoto wa Goma aliyefundishwa vizuri kabisa na wazazi wake anaangalia upande wa kushoto kwanza kabla ya kuvuka, na Mbarara gari linamtokea kulia. Mtoto huyo hana kosa: amefanya kama alivyofundishwa, na ni hilo linaloweza kumuua. Mzazi asitosheke na kusema “angalieni”. Awashike mikono wote, na kama mikono haitoshi, avuke kwa zamu ao aombe mtu. Pikipiki, ambazo huko zinaitwa boda boda, zinapita pande zote mbili bila huruma, kama vile teksi moto za huku.

Kuhusu mahali pa kulala, nyumba za wageni ziko nyingi karibu na kituo cha magari, na shofere ao kijana anayebeba mizigo atakuwa na yake ya kupendekeza kwa sababu anapewa kitu. Iliyo ndani kabisa ya kituo haifai kwa watoto: muziki hadi usiku wa manane, walevi, na honi kuanzia saa kumi na moja. Ukitembea dakika kumi unapata chumba tulivu zaidi, mara nyingi kwa bei ndogo. Chumba cha kawaida chenye kitanda kikubwa na choo hupatikana kwa chini ya dola kumi na tano. Mama aulize kabla ya kuingiza mizigo kama watoto wanahesabiwa, aangalie chandarua kama kina matundu, na afungue bomba aone kama maji yanatoka. Huu si ujanja wa watalii. Ni mambo ambayo kila mama wa Kivu anajua kufanya sokoni na anayasahau akiwa ugenini kwa sababu ya haya.

Pesa zibadilishwe mchana, kwenye ofisi ya kubadilisha, si kwa mtu anayekimbilia dirisha la gari. Noti kubwa ya dola iliyo safi inaleta bei nzuri zaidi. Noti ndogo za dola moja, tano ao kumi wanazipokea kwa bei ya chini, na noti iliyochanika ao ya zamani wanaikataa kabisa, jambo ambalo watu wa Goma wanalijua vizuri kwa sababu hata nyumbani ni hivyo. Franka za Congo heri kuziacha zote Bunagana ao kuzitunza kwa Kasindi. Mbarara ni makaratasi tu.

Lugha si ukuta kama watu wanavyofikiri. Watu wa Mbarara wanasema Runyankore, na wengi Kiingereza. Serkali ya Uganda imekuwa ikitaka Kiswahili kifundishwe shuleni, lakini sokoni si kila mama atakujibu kwa Kiswahili, na wengine wanakiona bado kuwa lugha ya askari. Hata hivyo mashofere wanakijua, wafanyabiashara wanakijua, na kuna Wakongomani. Hilo wasafiri wengi hawalijui. Kambi ya Nakivale, iliyofunguliwa mwaka 1958 na inayohesabiwa kati ya kambi za zamani kabisa za wakimbizi katika Afrika, iko wilaya jirani ya Isingiro, na wakaaji wake wengi ni watu wa Kivu na Ituri. Wanakuja Mbarara kuuza vikwembe, kutafuta matibabu, kutuma pesa. Mama akisikia mtu anasema “sawa vile” katikati ya soko, amepata ndugu. Lakini aelewe pia tofauti: anayetaka hifadhi ya ukimbizi Uganda ana njia yake, inayoanzia kituo cha Nyakabande karibu na Kisoro. Anayepita kwenda Beni ni msafiri, na karatasi zake ziwe za msafiri.

Karatasi, ndiyo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaombwa hata kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Na wanawake wengi wanasafiri na watoto wasio wao wa kuzaa: mtoto wa dada aliyekufa, mtoto wa jirani ambaye wazazi wake wako Butembo. Wanawalea kwa moyo mzuri, lakini askari wa mpaka haoni moyo, anaona mtoto ambaye jina lake halifanani na la mama. Barua ya mzazi, cheti cha kuzaliwa, hata picha ya karatasi ndani ya simu, vitafutwe kabla. Viongozi wa pande zote wanaozungumza kila siku juu ya raia wangeweza kurahisisha jambo hili moja: karatasi ya mtoto itolewe bure na ikubaliwe pande zote mbili. Vita ni vya wakubwa. Mtoto wa miaka mitatu hana upande.

Sasa mchana wenyewe. Watoto wafanye nini Mbarara?

Vitabu vya watalii vinataja makumbusho ya Igongo nje ya mji kwenye njia ya Masaka, na hifadhi ya Lake Mburo yenye punda milia. Ni vizuri, kwa wenye gari na pesa. Familia iliyotoka Goma na mizigo minane haihitaji punda milia. Inahitaji mambo madogo, na mama aliyeyajaribu anajua utaratibu wake: asubui watoto walale hadi waamke wenyewe. Hilo peke yake, kwa mtoto ambaye kwa miezi ameamshwa na risasi, na kiisha na shofere, ni dawa. Kiisha maji ya moto, beseni, sabuni, nguo zote za safari zifuliwe na kuanikwa, kwa sababu Mbarara jua linakauka nguo kabla ya saa tisa.

Kiisha maziwa. Mji huu ni mji wa ng'ombe, wale wa Ankole wenye pembe ndefu kuliko mkono wa mtu mzima, hata kwenye mzunguko wa barabara mjini wamesimamisha sanamu ya ng'ombe, na watoto wakiiona wanasahau kila kitu. Mzee mmoja wa Masisi aliyepita na wajukuu alikaa pale muda mrefu kuliko wao. Maziwa ya moto yanauzwa kwa kikombe katika vibanda vya maziwa, na ya kuganda pia, mazito. Mtoto aliyetapika jana apewe ya kuganda kidogo pamoja na ndizi, si chapati yenye mafuta. Chakula kingine hakina ugeni mkubwa: bitoke vya kupondwa, maharagi, na ugali mweupe wa mahindi wanaouita posho. Kuna pia karo, ugali wa ulezi mweusi unaovutika, ambao watoto wa Goma wanauangalia kwanza kwa mashaka kiisha wanamaliza sahani. Sombe hakuna. Sambaza hakuna. Watalia kidogo, watanyamaza.

Mchana watoto wakimbie. Haijalishi wapi: uwanja wa kanisa, uwanja wa shule siku ya mapumziko kwa ruhusa ya mlinzi, majani yoyote yasiyo kando ya barabara. Mpira wa makaratasi unatosha. Watoto wamekaa saa kumi bila kunyoosha miguu na kesho yake watakaa tena karibu hizo hizo. Mtoto aliyekimbia leo atalala kesho ndani ya gari. Yule aliyefungiwa chumbani atalia kutoka Bushenyi hadi mpaka, na abiria wote watajua jina lake.

Na kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye mpango wowote. Familia nyingi zinazofanya safari hii zimeacha mtu nyuma. Baba amebaki kulinda nyumba, ao amebaki kwa sababu hawezi kupita, ao haijulikani yuko wapi. Watoto wanauliza. Goma walijibiwa “tunaenda kumusalimia shangazi”. Ndani ya gari hakuna nafasi ya kujibu, masikio ya wengine yako karibu. Beni hakutakuwa na nafasi pia. Watu wanasema watapumzika wakifika, lakini kufika Beni ni kuingia katika nyumba ya ndugu ambayo tayari ina watu kumi na wawili, ni kulala sebuleni, ni kutafuta shule katikati ya mwaka, ni mama kuamka mapema kuosha vyombo vya watu ili asionekane mzigo. Ao ni kwenda kwenye orodha ya wahamiaji na kungoja. Beni yenyewe imebeba mengi: watu waliokimbia ADF kutoka Oicha na Eringeti wako pale miaka mingi, na sasa viongozi wa jimbo nao wamehamia huko. Hakuna atakayemuuliza mama kama amelala.

Kwa hiyo mchana ule wa Mbarara unaweza kuwa mchana pekee ambao mama si mgeni wa mtu, si jina kwenye orodha, si abiria. Amelipa chumba chake. Watoto wameoga. Anaweza kukaa kitandani na mtoto mkubwa, yule wa miaka minane anayejua zaidi ya anachosema, na kumwambia ukweli kwa maneno yanayomfaa: tumetoka kwa sababu hii, baba yuko pale, tunapoenda kutakuwa na watu wengi, wewe utanisaidia hivi, na hili si kosa lako. Watoto waliotoka kambi za Bulengo na Lushagala wakati zilipobomolewa Februari 2025 wamehamishwa mara nyingi bila kuambiwa kitu. Wanajifunza kwamba kila asubui inaweza kuwa ya kufunga mizigo. Mtoto aliyeambiwa kabla, hata kama habari ni mbaya, anabeba mfuko wake tofauti.

Wapo watakaojibu kwamba pesa hakuna, na ni jibu la kuheshimiwa. Usiku mbili na chakula cha siku moja ni dola 30 hadi 40 kwa mama na watoto watatu wanaolala kitanda kimoja. Kwa wengi hiyo ni pesa ya mwezi wa kwanza Beni. Asiye nayo kweli asilaumiwe. Lakini nusu ya njia ipo: usiku mmoja tu, kuondoka asubui. Makanisa na misikiti ya Mbarara yamewahi kulaza wasafiri waliobisha hodi mapema, kabla ya giza, na kuongea kwa heshima. Familia mbili zinaweza kuchangia vyumba viwili vinavyopakana na kupika pamoja. Na ndugu walioko ng'ambo, wale wanaotuma pesa ya usafiri kutoka Nairobi, Kampala ao Ulaya, wangeelewa kama wangeambiwa: bei ya safari si tikiti peke yake, ni tikiti na kitanda cha watoto. Mara nyingi hawaambiwi. Wanatuma hesabu ya tikiti, na mama anaona haya kuomba zaidi.

Njia ya siku ya mwisho, kwa watoto waliolala, ni nzuri sana, na hili si neno la kupamba. Baada ya Bushenyi ardhi inaanguka na bonde lote linafunguka chini. Gari linateremka kwenye joto, majani ya hifadhi pande zote, na mara nyingine tembo wamesimama karibu na lami. Pale Katunguru daraja linavuka mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Mama amwambie mtoto kwamba Edward hilo ndilo lile lile la Vitshumbi na Kyavinyonge, samaki aliyekuwa akila Goma alitoka kwenye maji haya, upande wa pili. Karibu na Kikorongo kuna alama ya ikweta kando ya barabara. Goma iko kusini ya mstari huo, Beni iko kaskazini, kwa hiyo kila mtoto anayefanya safari hii anaivuka dunia katikati akiwa juu ya kiti cha takisi. Mvulana wa miaka saba aliyeoneshwa alama hiyo aliuliza kama upande wa pili vita pia viko. Shofere alipunguza mwendo, hakujibu.

Bwera na Mpondwe watu wanasema Lukonzo, ambacho Mnande anakisikia kama lugha ya mama yake kwa sababu karibu ni ile ile. Hapo uso wa watu waliochoka unabadilika. Lakini pia ni mahali palipoumia: Juni 2023 ADF walishambulia shule ya sekondari pale Mpondwe na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Ulinzi ni mkali, mifuko inafunguliwa, maswali yanaulizwa. Mpaka huo umeona pia Ebola, mwaka 2019, ilipoingia Uganda na familia iliyotoka Congo, mtoto wa miaka mitano akiwa wa kwanza kugunduliwa. Ndiyo maana mtoto mwenye homa anasimamishwa hapo na kupimwa, na hakuna sababu ya kumficha ndani ya kikwembe. Akipumzika Mbarara, akanywa maji, akala, mara nyingi joto lake litakuwa la kawaida na foleni itasonga.

Magari ya kwenda Bwera yanatoka Mbarara asubui mapema, na anayetaka kuona Beni kabla ya giza apande la kwanza, si la pili. Ukivuka, saa inarudi nyuma: saa tano ya Mpondwe ni saa ine ya Kasindi. Saa hiyo moja iliyopotea Bunagana inarudishwa hapo, na inatosha kununua ndizi za watoto, kuwapeleka chooni wote, na kuulizia kwa mashofere wa Kasindi hali ya njia ilivyoamka siku ile kabla ya kupandisha mizigo.